Kufundisha Msuguano kwa Mfano wa Grisi ya Viungo vya Ekseli

Miongoni mwa mada za sayansi zinazodhaniwa kuwa nyepesi katika skuli ya msingi, mada ya msuguano ni mojawapo. Aghalabu mwalimu huandika ubaoni kwamba msuguano ni nguvu inayopinga mwendo wa vitu viwili vinavyogusana. Kisha huongeza kwamba msuguano hupunguzwa kwa kutia mafuta au grisi, nao wanafunzi hunakili. Siku ya mtihani huulizwa wataje njia mbili za kupunguza msuguano. Hujibu, "Kutia mafuta na kutia grisi," wakapata alama zote. Jibu hilo si kosa, lakini halijampa mtoto uwezo wa kufanya jambo lolote. Mtoto huyo akitumwa na baba yake kwenye duka la spea kununua grisi ya gari, atasimama mbele ya rafu yenye makopo ya kila rangi, naye hatajua achukue lipi wala aulize nini.

Makala haya yamekusudiwa mwanachuo anayejitayarisha kwenda katika mazoezi ya kufundisha. Yana sehemu mbili. Sehemu ya kwanza inaeleza maarifa yenyewe: grisi ni nini, viungo vya ekseli ni vipi, na kila kiungo huhitaji grisi ya namna gani. Sehemu ya pili inaeleza namna ya kuyafikisha maarifa hayo kwa wanafunzi wa madarasa ya juu ya skuli ya msingi kwa zana zinazopatikana Unguja bila ya gharama kubwa. Tumeanza na maarifa kwa makusudi, maana mwalimu hawezi kugawa asicho nacho.

KWA NINI MFANO HUU?

Mwalimu hutakiwa kuanza na kile kinachojulikana na mwanafunzi, ndipo aende kwenye kisichojulikana. Mtoto wa Unguja, awe wa mjini au wa shamba, anaishi karibu na ekseli. Wa Mji Mkongwe huona mikokoteni ya mahamali ikipita katika vichochoro. Wa Makunduchi au Donge huona gari la ng'ombe ambalo mara nyingi limeundwa juu ya ekseli na magurudumu ya gari kuukuu. Na wote hupanda daladala na baiskeli. Hakuna haja ya kuagiza zana kutoka mbali.

Sababu ya pili ni uzito wa jambo lenyewe. Grisi isiyofaa haileti hasara siku hiyo hiyo. Madhara yake huja polepole na kwa siri. Beringi ya gurudumu iliyopoteza grisi kwa joto hukauka, huchubuka, hupata moto, na mwisho huweza kukwama au kuvunjika hata gurudumu likachomoka. Ikiwa gari hilo ni la abiria, lililojaa watu watokao Mkokotoni kwenda mjini, kosa lililofanywa gerejini hulipwa barabarani na watu wasiohusika. Baadhi ya watoto tunaowafundisha watakuwa mafundi makenika, wengine madereva, na wote watakuwa abiria. Inafaa wajue kwamba kuna swali la kuuliza.

SEHEMU YA KWANZA: MAARIFA

Grisi ni nini?

Wengi hudhani kuwa grisi ni mafuta mazito tu. Sivyo. Grisi hufanywa kwa vitu vitatu. Cha kwanza ni mafuta, ambayo ndiyo sehemu kubwa, kiasi cha sehemu 70 hadi 95 katika kila 100. Cha pili ni kitu cha kuyakamata mafuta hayo yasitiririke, na mara nyingi kitu hicho ni aina ya sabuni. Cha tatu ni dawa chache zinazoongezwa ili kuzuia kutu, kustahimili mzigo mzito au kuchelewesha kuharibika.

Mfano ulio karibu na mtoto ni nazi iliyokunwa. Machicha huyashika matui ndani yake. Lakini ukiyatia katika kifumbu ukakamua, tui hutoka. Katika grisi, sabuni ni mfano wa machicha na mafuta ni mfano wa tui. Gurudumu linapozunguka na vyuma vinapobanana, mafuta hutoka kidogo kidogo na kuvilainisha. Vinapotulia, sabuni huendelea kuyashika mafuta yaliyobaki. Basi faida kubwa ya grisi si kwamba ina utelezi kuliko mafuta, bali ni kwamba hukaa pale ilipowekwa.

Sabuni hiyo si ya kufulia. Hupatikana kwa kuunganisha shahamu na madini fulani, na tabia ya grisi hutegemea sana madini yaliyotumika. Zilizo mashuhuri ni hizi:

(a) Grisi ya kalsiamu. Hustahimili maji vizuri sana, lakini ile ya kawaida haivumilii joto kali. Huharibika kabla au karibu ya kufikia nyuzi 100 za Selsiasi.

(b) Grisi ya sodiamu. Huvumilia joto zaidi kuliko ile ya kwanza, lakini sabuni yake huyeyuka katika maji. Ikiingiwa na maji hugeuka maziwa na kutoka.

(c) Grisi ya lithiamu. Mmarekani Clarence Earle alipata hataza yake mwaka 1942. Ilienea duniani kwa sababu ilikusanya sifa mbili: hustahimili maji, na haiyeyuki mpaka ifikie kiasi cha nyuzi 180 hadi 200.

(d) Grisi ya lithiamu changamano. Hii ni lithiamu iliyoimarishwa, na aghalabu huanza kudondoka baada ya kupita nyuzi 250. Hutumika zaidi katika beringi za magurudumu yaliyo karibu na breki.

Hapa mwalimu wa Unguja anayo hazina ambayo vitabu vingi havina. Mabaharia wa pwani yetu tangu zamani walipaka vyombo vyao kwa chini shahamu iliyochanganywa na chokaa, yaani deheni, ili kuzihifadhi mbao na maji na wadudu wa baharini wanaotoboa miti. Chokaa ina kalsiamu. Inapokutana na shahamu, sehemu ya shahamu hiyo hugeuka kuwa sabuni isiyoyeyuka katika maji. Kwa hiyo kanuni iliyo ndani ya kopo la grisi ya kalsiamu ni ndugu wa kanuni waliyoifuata mafundi wa majahazi, ingawa wao hawakuiita kwa jina la kikemia. Mtoto wa Nungwi au Mkokotoni aliyewahi kuona chombo kikipakwa ufukoni ataelewa upesi kwa nini grisi hiyo haiogopi maji.

Viungo vya ekseli na mahitaji yake

Neno "ekseli" mitaani hutumika kwa mambo mengi. Mwalimu ni vyema atenganishe mambo manne.

Kwanza, beringi za magurudumu. Hizi ni gololi au vigurudumu vidogo vya chuma vinavyoliwezesha gurudumu kuzunguka juu ya ekseli. Adui yao mkubwa ni joto. Kila dereva akanyagapo breki, mwendo wa gari hugeuka kuwa joto, na joto hilo hutambaa hadi kwenye beringi. Daladala inayosimama kila kituo kutoka mjini hadi Bububu hupata joto hilo mara nyingi kwa siku. Grisi inayofaa ni ile iliyoandikwa kuwa ni ya beringi za magurudumu, mara nyingi lithiamu changamano. Tena beringi haijazwi pomoni. Grisi ikizidi huchurukwa bila ya nafasi, na kuchurukwa huko huzalisha joto jingine. Nafasi iliyo wazi ya beringi na kitovu chake huachwa sehemu, isishindiliwe yote.

Pili, viungo vya krosi. Magari mengi yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama vile malori na pikapu, yana shafti ndefu iendayo nyuma, na kwenye ncha zake kuna kiungo chenye umbo la msalaba. Kila mkono wa msalaba huo umeingia katika kikombe chenye vijiti vyembamba vya chuma mfano wa sindano. Viungo vingine vina chuchu ndogo ya kupigia grisi, iitwayo nipeli. Vingine vimefungwa moja kwa moja kiwandani. Penye nipeli hutiwa grisi ya lithiamu ya namba 2 yenye dawa ya mzigo mzito, na hupigwa mpaka grisi mpya ichomoze katika vikombe vyote vinne. Kama imechomoza katika vitatu tu, cha nne kimeziba, nacho ndicho kitakachokufa mwanzo.

Tatu, viungo vya mwendo sare, ambavyo mafundi wetu huviita sivijointi. Shafti inayotoka kwenye giaboksi kwenda gurudumu la mbele ina kazi mbili kwa wakati mmoja: kulizungusha gurudumu, na kulifuata linapokata kona na linaporuka juu ya mashimo. Kiungo cha nje aghalabu kina gololi sita zilizokaa katika mifereji. Asili yake ni kazi ya mhandisi Alfred Rzeppa katika miaka ya 1920. Kiungo cha ndani mara nyingi ni cha namna nyingine, chenye vigurudumu vitatu. Vyote viwili hufunikwa kwa mfuko wa mpira wenye mikunjo mfano wa akodiani ya taarabu. Ndani ya mfuko huo grisi hutiwa kwa kipimo na haiongezwi tena mpaka mfuko ufunguliwe.

Katika sivijointi ya nje gololi hazizunguki tu, bali huteleza kwa mwendo mfupi zikiwa zimebanwa sana, hata utando wa mafuta huminywa ukatoka. Kwa hiyo grisi yake huongezwa unga mweusi uitwao salfaidi ya molibdeni, mara nyingi kiasi cha sehemu 3 hadi 5 katika 100. Unga huo umejipanga tabaka juu ya tabaka kama karata, na tabaka hizo huteleza zenyewe kwa zenyewe. Mafuta yakiminywa, karata hubaki. Sifa hiyo haina maana kwamba unga huo utiwe kila mahali. Katika beringi za vijiti au gololi zinazotakiwa kuzunguka, watengenezaji kadhaa hawaupendi, kwani utelezi ukizidi kijiti huburuzika badala ya kuzunguka. Kitabu cha gari ndicho kinachofuatwa.

Nne, boljointi na viungo vya usukani. Hivi haviko ndani ya ekseli, lakini hukaa jirani yake na hutiwa grisi siku hiyo hiyo. Vyenye nipeli hupigwa grisi ya chasisi yenye kustahimili maji na mzigo.

Mambo matano ya kuchagulia grisi

Kutokana na maelezo hayo, uchaguzi wa grisi hufuata maswali matano, na maswali hayo ndiyo kiini cha somo letu.

1. Je, mahali hapo pana joto kiasi gani?

2. Je, hupata maji? Hapa kwetu swali hili ni kubwa. Kuna mvua za masika na za vuli, na barabara nyingi hupita karibu na pwani. Gari linaloshushwa ufukoni kuchukua samaki hukanyaga maji ya chumvi, ambayo huleta kutu upesi kuliko maji ya mvua.

3. Je, mzigo ni mzito, na vyuma huzunguka au huteleza? Alama ya EP kwenye kopo huonyesha kwamba grisi imetiwa dawa ya kustahimili mbano mkali.

4. Je, grisi ni nzito au laini kiasi gani? Kipimo chake kinajulikana kwa herufi NLGI, za chama cha watengenezaji wa grisi kilichoundwa Marekani mwaka 1933. Grisi ikiwa katika nyuzi 25 husukwasukwa mara 60, kisha pia ya chuma huachwa izame ndani yake kwa sekunde 5. Kina ilichozama ndicho kinachotoa namba, kuanzia 000 iliyo majimaji hadi 6 iliyo ngumu kama kipande cha jibini. Namba 2, ambayo pia huzama milimita 26.5 hadi 29.5, ndiyo itumikayo katika sehemu nyingi za gari. Herufi GC-LB huonyesha grisi iliyopimwa kwa beringi za magurudumu na kwa chasisi pia.

5. Je, ndani yake mlikuwa na grisi gani kabla? Grisi mbili zilizo nzuri kila moja peke yake zinaweza kuharibiana zikichanganywa. Mchanganyiko huweza kuwa mwepesi ukavuja, au ukawa mgumu. Asiyejua kilichokuwamo na aioshe beringi, aikaushe, ndipo atie mpya.

Zingatia kwamba rangi haimo katika maswali hayo. Nyekundu, buluu na kijani ni rangi alizotia mtengenezaji kwa hiari yake; viwanda viwili huweza kutumia rangi moja kwa grisi mbili tofauti. Hata weusi, ambao mara nyingi huashiria molibdeni au grafaiti, hauwezi kuwa hoja peke yake, kwani grisi iliyochafuka nayo ni nyeusi. Magari mengi ya Unguja yameletwa yakiwa yametumika Japani, na makopo ya dukani yana maandishi ya lugha mbalimbali. Namba na herufi za alama, hata hivyo, husomeka kwa yeyote aliyefundishwa kuzitafuta.

SEHEMU YA PILI: KUFUNDISHA

Somo hili linahitaji vipindi viwili vilivyofuatana na ziara moja. Lengo lake liandikwe kwa vitendo: mwisho wa somo mwanafunzi aweze kueleza kwa nini grisi inayofaa mahali fulani huenda isifae pengine, na aweze kuuliza maswali ya kuchagulia. Lengo lisemalo "mwanafunzi aelewe grisi" halipimiki.

Zana ni hizi: ekseli ya gurudumu bovu la baiskeli yenye gololi zake, vipande vya bati vilivyopigwa nyundo kingo zisikate, samli kidogo, mafuta ya nazi, grisi ya lithiamu kijiko kimoja, maji ya pwani na ya mfereji, kalamu ya risasi, na vigae. Fundi wa baiskeli wa mtaani hatakunyima ekseli mbovu ukimwendea kwa adabu.

Jaribio la kwanza: kukaa. Wanafunzi wapake mafuta ya nazi juu ya kipande kimoja cha bati na grisi juu ya kingine, kisha visimamishwe wima mpaka kesho yake. Mafuta yatakuwa yametiririka, grisi itakuwapo. Jaribio hili litangulie mengine. Walimu wengi huanza kwa kuvuta kipande cha mbao juu ya grisi ili waonyeshe kwamba kinateleza, kisha hufadhaika kuona kinavutika kwa shida kuliko kilichotiwa mafuta. Hakuna ajabu hapo: grisi ni nzito, na katika mwendo wa polepole uzito huo huonekana. Darasa likikuuliza, usilikatize. Swali hilo ndilo mlango wa kueleza kwamba grisi imechaguliwa kwa ukaaji wake.

Jaribio la pili: joto. Samli na grisi zitiwe juu ya bati moja, na bati liwekwe juu ya bakuli la maji ya moto. Mwalimu mwenyewe amimine maji hayo. Samli itayeyuka mara moja. Grisi ya lithiamu haitatiririka, maana maji yachemkayo hayapiti nyuzi 100. Mwalimu asichome grisi kwa moto ili kuonyesha zaidi. Inatosha kuuliza, "Ikiwa breki huchemka kupita maji haya, samli ingefika wapi?"

Jaribio la tatu: maji. Vipande viwili vya bati vyenye grisi vitiwe mmoja katika maji ya mfereji na mwingine katika maji ya pwani, na cha tatu kisicho na grisi kitiwe katika maji ya pwani pia. Kila siku kwa wiki moja wanafunzi waandike kinachotokea. Kutu ya kipande kilicho wazi itawasomesha kwamba grisi ina kazi ya pili, nayo ni kufunika chuma.

Jaribio la nne: mchanga. Wanafunzi wasugue vigae viwili, kisha watie mchanga kidogo baina yake na wasugue tena, wakisikiliza sauti na kutazama mikwaruzo. Hapa ndipo panapofahamika kwa nini mfuko wa mpira uliopasuka ni jambo la haraka. Mfuko ukipasuka, grisi hurushwa nje na vumbi la mawe ya chokaa huingia ndani. Grisi iliyochanganyika na mchanga si kilainishi tena, ni tupa. Dereva ataanza kusikia mlio wa "ta-ta-ta" anapokata kona, na wakati huo vyuma vimekwisha kulika. Kuongeza grisi mpya juu ya mchanga hakuponyi kitu.

Jaribio la tano: tabaka. Unga wa risasi ya kalamu usuguliwe baina ya vidole viwili vikavu. Utelezi wake hutokana na tabaka za grafaiti, nazo ni mfano mzuri wa tabaka za molibdeni.

Baada ya majaribio, mwalimu aweke mbele ya darasa vyombo viwili na aulize: gari la ng'ombe la kubebea karafuu au nazi, na daladala, je, zitatumia grisi moja? Wanafunzi wapewe makundi na wajibu kwa kufuata maswali matano. Gari la ng'ombe huenda polepole, kwa hiyo joto si tatizo. Lakini hupita matopeni, mzigo wake ni mzito, na huweza kulala nje mvuani. Grisi ya kalsiamu ya bei nafuu huenda ikalitosha. Daladala ina breki, ina mwendo, na ina roho za watu. Grisi hiyo hiyo ingeyeyuka ikatoka katika beringi zake. Kundi litakalofikia hitimisho hilo kwa hoja zake lenyewe limepata zaidi ya kundi lililokariri majina yote ya madini.

Ziara ya gereji

Fundi ni mwalimu mwenzetu, na inafaa apewe heshima hiyo. Mwalimu amwendee siku chache kabla, amweleze lengo la somo, na wakubaliane saa isiyo na kazi nyingi. Wanafunzi waandike maswali yao darasani kwanza. Mazungumzo mema huenda namna hii:

"Fundi, kwa nini hii umeipakata kwa kidole na ile umeipiga kwa bomba?"

"Hii ni beringi, mwanangu, lazima nione imeingia kila pembe. Ile ina nipeli, na nipeli haipokei kidole."

"Na kwa nini ulifuta nipeli kabla ya kupiga?"

"Nisipoifuta, nitaingiza mchanga ndani kwa mkono wangu mwenyewe."

Jibu hilo la mwisho lina thamani ya ukurasa mzima wa kitabu. Fundi huenda akasema jambo lisiloafikiana na yaliyosemwa darasani. Kwa mfano, kwamba grisi nyekundu ndiyo ya joto. Mwalimu asimsahihishe mbele ya watoto. Aombe kopo, asome alama pamoja nao, na aliache kopo liseme. Huko ni kulinda heshima ya mzee na ukweli wa somo kwa pamoja.

Tahadhari

Grisi si chakula wala dawa ya ngozi; wanafunzi wanawe kwa sabuni baada ya somo. Grisi isiguse kabisa sahani wala viatu vya breki, na grisi ya kawaida isitiwe penye mipira ya breki, kwani mafuta ya madini huweza kuivimbisha na kuiharibu. Mtoto asiguse gari lililoinuliwa kwa jeki.

Grisi kuukuu na matambara yake yakusanywe katika kopo na yarejeshwe gerejini. Yasimwagwe uwanjani. Sehemu kubwa ya kisiwa chetu ni mawe ya chokaa yenye matundu, na maji tunayokunywa hutoka chini yake, katika visima na chemchemi. Kinachomwagwa juu huweza kushuka upesi kuliko tunavyodhani. Jambo hili mwalimu asilitaje tu kwa maneno; kopo la taka liwepo mbele ya darasa tangu mwanzo wa jaribio.

Tathmini

Maswali ya kutaja yapunguzwe, na ya kuamua yaongezwe. Kwa mfano:

(i) Mvuvi ana gari la kukokota mashua hadi majini. Ni swali gani la kuchagulia grisi linalomhusu zaidi, na kwa nini?

(ii) Makopo mawili yana grisi ya buluu. Utajuaje kama yanafanana?

(iii) Mfuko wa mpira wa sivijointi umepasuka. Dereva anataka kuongeza grisi tu aendelee na safari zake. Mwandikie sentensi tatu za kumshauri.

Swali la tatu litumike pia katika somo la Kiswahili, kwani kumshauri mtu mzima kwa adabu na kwa hoja ni kazi ya lugha pia.

Ndugu mwanachuo, ukifika katika skuli utakayopangiwa, huenda usikute maabara. Utaikuta baiskeli ya mlinzi, gari la ng'ombe la jirani na daladala iliyoegeshwa kituoni. Andaa somo hili kwa vitu hivyo, na weka daftari la maswali yatakayoulizwa na wanafunzi. Urudipo chuoni uje na daftari hilo, ili maswali yaliyokushinda yajadiliwe na wenzako kabla ya kundi linalofuata kwenda kufundisha.